Panya Wasiozaa wa Ghala Letu

Jumatatu, 3 Februari 2025
Panya wameingia ghalani! Wametoboa gunia la mahindi ya mbegu. Mama amesema hizo mbegu zikiliwa kabla ya masika, shamba la Idsowe litalala bila kupandwa, na mimi nitapelekwa Madogo kwa Shangazi Istahil nimsaidie kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Kuita wateja kwa sauti! Mimi, ambaye kumsalimu jirani tu hunitoa jasho. Siendi. Nilipata B ya Biolojia.

Jumanne, 4 Februari
Mansur wa duka la pembejeo ana dawa za aina mbili: moja huua panya, nyingine huwazuia kuzaa. Nimenunua zote. Alipoanza kunieleza matumizi, watu waligeuka kunitazama. Nikatoka mbio. Si neno, mpango uko wazi: wazazi wafe, wajukuu wasizaliwe. Nimepaka chambo samli ya Mama ili kinukie. Kaka yangu Liban akauliza kama wageni wangu nitawapikia na chapati. Eti tuazime paka wa Tamar, jirani yetu. Paka si sayansi.

Ijumaa, 7 Februari
Wawili wamekufa! Nimewazika, nimenawa kwa sabuni. Sasa nimeondoa ile ya kuua, nimebakiza ya kuzuia uzazi na kuongeza samli. Hiki ndicho kizazi chao cha mwisho. Nawahurumia kidogo.

Jumatatu, 17 Februari
Gunia la pili limetobolewa. Nikamtuliza Mama kwa kumwambia kwamba hawa hawatazaa tena. Akajibu kwamba asiyezaa naye ana tumbo. Hilo sikuwa nimelifikiria. Lakini ni jambo dogo.

Jumatano, 19 Februari
Aibu! Tamar amekuja kunishukuru, tena mbele ya Mama. Kwake hakuna panya hata mmoja, wote wamehamia kwetu. Paka wake anashinda amelala. Liban alicheka hadi akakaa chini. Wala haoni kwamba huo ni ushahidi: chambo changu hakina mfano. Mama hakucheka. Mbegu zilizobaki hazitoshi shamba letu, amezipeleka kijiji cha Wema kwa mjomba.

Jumapili, 23 Februari
Mzigo umefungwa. Kesho Madogo. Shangazi amepiga simu kujisifu kwamba nyumbani kwake hakujawahi kuonekana panya. Nimemjibu, kwa sauti ya chini, asiwe na wasiwasi. Samli nimeibeba. Watakuja.