Tawi Langu Halikatwi Vipande

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Segese, kwenye machimbo ya dhahabu. Wiki hii tawi langu linaingia! Programu yetu ya kusajili wagonjwa ni huria, watu wa nchi nyingi wanaichangia. Kila mmoja hufanya kazi kwenye tawi lake, nakala ya pembeni, kisha linaunganishwa na shina, yaani nakala kuu. Kausar, binti wa duka la vitenge Kahama, hufungua tawi hata kwa kusahihisha herufi moja. Kama kununua chumvi kwa chembe! Mimi ninalo moja tu, tangu masika. Lina kila kitu.

Mke wangu Loveness, muuguzi wa zahanati, amelalamika tena. Programu inawakataa wazee wasiojua tarehe ya kuzaliwa. Leo mzee kasema alizaliwa mwaka wa nzige. Ikamkataa. Akaona aibu, akaondoka bila dawa. Nikamwambia Loveness dawa ya hilo imo kwenye tawi langu. Akasema, “Baba Limi, mzee hatibiwi na tawi.” Hajui teknolojia, maskini.

Jumanne, 5 Agosti
Tawi limekataliwa! Zipora, mhakiki wetu wa Chato, anasema nimechanganya mambo: tarehe za wazee, rangi ya dhahabu kila ukurasa, na bei ya dhahabu ya leo. Eti bei hiyo inamsaidiaje mwenye malaria? Huyo hajawahi kuishi na wachimbaji. Tena shina limesonga mbele, mimi sikuvuta mabadiliko ya wenzangu, sasa kila faili lina mgongano: mistari yangu inapingana na yao. Ameshauri niligawe vipande vidogo. Kwani ni nyama ya harusi?

Alhamisi, 7 Agosti
Migongano kwisha! Kila mara kompyuta ilipouliza ibakize mistari yangu au ya wenzangu, nilijibu yangu. Nikaliwasilisha kwa maelezo “usafi mdogo”, Zipora asisumbuke kusoma. Akasoma. Eti nimefuta kazi yote ya Kausar, pamoja na kitufe cha kuhifadhi.

Bahati mbaya nilikuwa nimeshaliweka kwenye kompyuta ya zahanati, kuonyesha mfano. Asubuhi nzima hakuna jina lililohifadhiwa. Foleni ikaanza upya, kinamama na watoto juani. Loveness ameniwekea ugali bila mboga.

Jumamosi, 9 Agosti
Kausar kapiga simu. Shikamoo kaka nyingi. Unafiki! Kaomba akitoe kipande cha tarehe peke yake, akiweke kwenye tawi jipya, jina langu libaki. Nikakubali, kwa sauti ya mtu anayesaidia. Mistari michache tu! Zipora akaiunganisha kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu, 11 Agosti
Mzee wa nzige kasajiliwa, kwa mwaka tu. Kapata dawa. Kasema wabeja sana, asante ya Kisukuma. Kwa Loveness! Na Zipora kampa Kausar ruhusa ya kuunganisha kazi za wengine. Kazi zangu zikaguliwe na muuza vitenge?

Jumanne, 12 Agosti
Nimejitenga. Nimenakili mradi mzima, nikaupa jina langu: Mihayo. Msimamizi mimi, mhakiki mimi. Matawi nimeyapiga marufuku, ni ya waoga. Naandika moja kwa moja kwenye shina. Rangi ya dhahabu imepita bila kupingwa. Programu haifunguki kabisa, lakini safari hii hakuna aliyenikataa.