Katoni Mbili za Sikukuu ya Mavuno

Thuo wa mtaa wa Rhonda hakwenda kanisani kutafuta wokovu. Alikwenda kumtazama Jemutai akiimba kwaya, sababu ambayo, Bwana asifiwe, imejaza viti vingi vya nyuma. Lakini Jumapili moja baada ya ibada, ulipoanza mnada wa sadaka, aliona jambo lililomsahaulisha kwaya. Parachichi moja, tena lenye doa, liligombaniwa na wazee wanne mpaka Mama Jepchumba, mwenyekiti wa akina mama, akalichukua kwa shilingi mia tano. Nje ya geti, mapacha wa parachichi hilo walikuwa wakiuzwa shilingi kumi.

Thuo alitulia kama mtu aliyeona maono. Watu hawa, akawaza, kitu kikishaombewa hawaulizi bei. Kilichobaki ni kupata kitu.

Kitu kilipatikana kwa jirani yake Nyongesa, taniboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori. Lori lao lilikuwa limepinduka karibu na Mai Mahiu, na mwenye mzigo akamlipa Nyongesa kwa magunia mawili ya konfleksi zilizopondeka, yale mahindi bapa ambayo wenye nafasi huyamwagia maziwa asubuhi. Nyongesa, mtu wa chai na viazi vitamu, hakuwa na haja nayo.

"Nipe kochi lako," alisema. "Ukileta pesa Jumapili jioni, nakurudishia. Usipoleta, nitakuwa nimeshazoea kulikalia."

Bei hiyo ilimchoma Thuo. Kochi lile jekundu ndilo pekee lililofanya chumba chake kiitwe nyumba, na Jumatatu mama yake Jemutai alikuwa anakuja kutoka Eldama Ravine kujionea kama kijana huyu anayemchumbia binti yake ana nyumba au ana mdomo tu. Lakini Jumatatu huja baada ya Jumapili, na Thuo aliamini Jumapili. Kochi likabebwa.

Katika mapishi ya haki, chokoleti huyeyushwa polepole juu ya maji moto, konfleksi zikazungushwa humo mpaka zivae koti, kisha zikachotwa kwa kijiko, kifungu kifungu, zigande. Thuo hakuwa na ugomvi na chokoleti ya kweli, ila bei yake. Akachukua mafuta magumu ya kupikia, kakao kidogo na sukari isiyo na huruma, akavipika kwenye sufuria ya ugali. Vifungu vilipoganda aliviweka kwenye mikebe ya plastiki yenye karatasi iliyosema: Chokoleti ya Uswisi.

Nyongesa alionja kimoja. Akainua kidole ili atoe maoni, lakini mafuta yalikuwa yamegandisha ulimi wake kwenye kaakaa. Hakutamka neno mpaka alipokunywa kikombe cha chai ya moto. Thuo alihesabu kimya hicho kuwa sifa.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mkebe mmoja ungetolewa sadaka, ungepanda bei kama parachichi lile, kisha mikebe mingine ingeuzwa getini kwa nusu ya bei hiyo, na kila mnunuzi angekwenda nyumbani akidhani amemwibia Thuo.

Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Watu walifika na mahindi, maboga na majogoo waliowika katikati ya sala ya toba. Jua nalo lilifika mapema. Kabla ya somo la kwanza, katoni mbili za mikebe ya Thuo pale getini zilianza kutoa jasho. Mama Jepchumba alimkuta akizipepea kwa koti.

"Thuo mwanangu, hizo zitakuyeyukia," alisema. "Ingiza ndani. Pale mbele kwa saruji kuna baridi."

"Mathe, si nitasumbua ibada?"

"Nyumba ya Mungu haisumbuliwi na katoni." Na akashika upande mmoja, wakabeba pamoja.

Thuo alimshukuru Mungu kwa kuumba watu wepesi namna hii.

Sasa, kila aliyelelewa katika kanisa lile anajua, hata watoto wa shule ya Jumapili, kwamba siku ya mavuno chochote kikishawekwa pale mbele kimeshatolewa. Mwaka uliotangulia mgeni mmoja aliegemeza mwavuli wake hapo, na mpaka leo ndio unaomkinga mchungaji mvua. Thuo, kwa kukaa viti vya nyuma na macho kwenye kwaya, somo hilo lilimpita.

Mzee Kiplimo, msimamizi wa mnada, aliziona katoni akatetemeka kwa furaha. Alimtaja Thuo kwa jina, akamwombea yeye, kazi ya mikono yake na uzao wake. Kanisa likasema Amina. Jemutai alimtazama Thuo vile hajawahi kumtazama, na mtazamo huo ukamfunga mdomo kuliko mafuta. Angesema nini? Kwamba alileta biashara mbele ya madhabahu?

"Nani ataanza? Katoni zote mbili," Mzee Kiplimo akauliza. Lakini majogoo walikuwa wamemaliza mifuko ya watu.

"Mia tano," Mama Jepchumba akasema kwa unyenyekevu.

Thuo aliinua mkono ajaribu kuokoa mali yake. Mzee Kiplimo alidhani anasifu, naye akainua wake, na kanisa zima likainua mikono. Bidhaa ikauzwa katikati ya haleluya.

Jumatatu asubuhi Thuo alipita kwenye kibanda cha Mama Jepchumba pale steji ya matatu. Mikebe ilikuwa imepangwa safi, na juu yake karatasi mpya: Zimeombewa. Wateja walikuwa wamepiga foleni.

"Karibu mwanangu," alimwita. "Wewe nitakupunguzia bei."

Mchana mama yake Jemutai alifika na binti yake, akaketishwa kwenye kreti ya soda. Aliangalia chumba kitupu, ukuta hadi ukuta. Thuo alikuwa na hotuba tayari, kuhusu kochi lililokuwa kwa fundi.

"Usinieleze kitu," mama akamkatiza. "Nimetoka steji, nimeambiwa yote. Katoni mbili! Sasa naelewa kwa nini hakuna kiti." Akafungua mkebe aliotoka nao steji, akampa kifungu kikubwa. "Kula baba, ni jasho lako."

Thuo hangekataa. Aliweka mdomoni, ulimi ukagota juu ukakwama.

"Sisi tunajenga kanisa huko Ravine," mama akaendelea. "Harambee ya kuchangisha pesa ni mwezi ujao, na tumekosa mgeni rasmi. Mtu wa kutoa kama wewe. Utakubali, ama?"

Thuo alipunga mikono. Akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka.

"Ona, Jemutai," mama alisema kwa upole. "Ameguswa mpaka maneno yameisha."

Kwa kidole Thuo alionyesha birika la chai.

"Chai ni baadaye, mwanangu. Kwanza tuombe." Akafumba macho, na maombi ya mama yake Jemutai yanajulikana Ravine yote: hayajawahi kuwa na haraka.