Wageni Tisini kwa Mbwa Mmoja

Jumatatu, 14 Julai 2025

Same. Upepo, vumbi, aibu. Asubuhi mbwa wangu, Pasaka, amemrukia muuza mkaa. Hakumng'ata, kamba ilikuwa fupi. Muuza mkaa alipanda ukuta, gunia likabaki chini. Mama Hedwiga, mwenye nyumba, akatoka na kanga kifuani akatamka hukumu: mpaka Jumapili mbwa awe amezoea watu, la sivyo anamwita mtu wa kumwondoa. Nikauliza, kumwondoa kwenda wapi? Akasema, mwanangu, usiulize maswali ya kitoto.

Pasaka alikuwa mbwa wa bibi yangu, Beatha. Bibi tulimzika Aprili. Siku zote za matanga Pasaka alifungwa nyuma ya jiko, na kila mwombolezaji aliyepita kwenda chooni alimtupia jiwe. Tangu hapo, kwake mgeni ni jiwe lenye miguu. Nyumba ya bibi imefungwa, mbuzi wamegawanywa. Mimi nimebakiwa na yeye tu.

Jumanne, 15 Julai

Mpango: mgeni niwe mimi mwenyewe. Nimeazima kofia ya pikipiki na koti la Novatus, karani mwenzangu, mpangaji wa chumba cha pili. Huyu huongea na watu kwenye dirisha la barua bila kutokwa jasho. Mimi hutokwa jasho.

Nikaingia uani kwa sauti nzito. Pasaka akajikojolea, akakimbilia chini ya kitanda. Nikavua kofia, nikamwita kwa jina. Hakutoka mpaka ugali wake ulipopoa. Novatus alicheka hadi akaegemea tenki la maji. Akasema, hongera ndugu yangu, sasa umemwongezea adui mmoja. Sikula.

Alhamisi, 17 Julai

Kwa Mwanaidi, afisa mifugo. Nilisimama mlangoni dakika kumi kabla ya kubisha hodi. Akasema mbwa wangu si mkorofi, ana hofu. Nimweke mbali na mgeni, mbali kabisa, pale anapoweza kumwona na bado akala. Mgeni akitokea, dagaa. Mgeni akiondoka, hakuna dagaa. Mgeni asimkazie macho, asimguse. Kesho hivyo hivyo: mgeni mmoja, hatua moja. Akiogopa, turudi nyuma. Kisha akaniangalia mikono, akasema mbwa huisoma kamba; anayeishika akitetemeka, naye hutetemeka. Nikaiweka mikono mfukoni.

Nikauliza, itachukua muda gani? Miezi mitatu, pengine zaidi.

Miezi mitatu! Nina siku tatu! Nimepiga hesabu. Mgeni mmoja kwa siku, siku tisini, ni wageni tisini. Jumamosi kwetu Vudee, huko milimani, kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, na kila kaya lazima itoe mtu. Watu zaidi ya mia! Miezi mitatu itakwisha kabla ya chai. Sijui kwa nini afisa hakuliona hili.

Jumamosi, 19 Julai

Tulipanda kwa pikipiki, Pasaka ndani ya tenga. Ukungu, baridi. Nikamwomba msimamizi wa msaragambo watu wapange foleni, kila mmoja apite amdondoshee Pasaka dagaa mmoja. Wakacheka. Mzee mmoja akauliza kama haya ndiyo niliyosomea. Lakini walipanga foleni, kwa heshima ya bibi. Mia na zaidi, kila mmoja na jembe begani.

Majembe sikuyafikiria.

Pasaka akajibana miguuni mwangu. Hakubweka. Nikadhani ametulia, nikawaita wasogee. Hapo pembe ya kuita watu kazini ikalia nyuma yetu. Akaning'ata mkono, mara ya kwanza tangu tujuane. Nikaachia kamba. Akapotea kwenye migomba.

Watu wema. Waliacha mfereji wakamtafuta, mia nzima, wakiliita jina lake kwa makelele.

Jumapili, 20 Julai

Amepatikana! Yuko chini ya uchaga wa mahindi wa shangazi Ernesta. Shangazi hakumwita. Alikaa amempa mgongo, akimenya ndizi na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mara moja moja alirusha kipande cha kiporo nyuma bila kugeuka. Saa nzima. Muuza maziwa akapita kule njiani. Pasaka akainua kichwa, akamtazama, akaendelea kula.

Akaendelea kula! Nilifurahi mno, nikamkimbilia. Akarudi chini ya uchaga.

Shangazi akasema, bila ukali, mwache akae hapa, mwanangu. Ukimkumbuka, njoo peke yako, kaa mbali, nyamaza, umsubiri yeye. Nilitaka kujibu ndiyo, nikajibu shikamoo.

Nimeshuka na tenga tupu. Nililia ndani ya kofia mpaka kioo kikaingia ukungu. Dereva akauliza kama ni mafua. Nikasema ni mafua.

Jumatano, 23 Julai

Chumba kimya. Mama Hedwiga ameniletea makande, akasema pole, hakutaka iwe hivi. Leo nimekuta unyoya wa Pasaka ndani ya faili la ofisi. Nimelifunga taratibu ili usidondoke.

Jumamosi ninakwenda kumwona. Maneno ya shangazi nimeyapima kwa makini. Peke yangu? Mtu mmoja aliyekaa mbali, kimya, anafanana na mwizi. Mbwa yeyote angeogopa. Kwa hiyo nimealika ofisi nzima. Tuko kumi na mmoja. Novatus anakuja na spika.