Mtabiri wa Riwaya

Jumatatu, 10 Machi
Jalia anahamia Jinja! Chama chetu cha wasomaji, kinachokutana dukani kwake Old Kampala, kitahitaji kiongozi mpya. Ni mimi. Nani mwingine? Mugisho, yule fundi cherehani Mkongomani? Husoma akichezesha midomo! Nimewatangazia wote kwamba nikisoma kurasa mbili tu, mwisho ninaujua.

Jumamosi, 15 Machi
Balaa. Riwaya inahusu mama anayengoja wageni. Ukurasa wa pili, kisu mezani. Kisu! Nikasimama, nikatabiri: mgeni atachomwa kabla sura haijaisha. Wakaendelea kusoma roho juu. Kisu kikakata nanasi. Kurasa thelathini, nanasi! Mugisho akaniuliza kwa upole, "Ndugu Nyongesa, maiti iko wapi?" Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Alhamisi, 20 Machi
Silali vizuri. Lakini siri nimeigundua: katika vitabu vya namna hii hakuna kinachotokea. Watu wanawaza tu. Sasa nisome kwa nini? Sura ya pili imelala chini ya mapazia ninayouza soko la Owino. Hata hivyo, mteja akiniita nashtuka. Nadhani ni Jalia ana swali.

Jumamosi, 22 Machi
Nilitangaza kabla sijaulizwa: sura ya pili, hakuna kilichotokea. Mugisho alikuwa anafuta macho. Jalia akasema, "Ssebo Nyongesa, mume wa yule mama amekufa."

Wapi? Akanionyesha. Sentensi moja fupi, kati ya mama kuanua nguo na mama kutafuta chumvi. Jalia akaeleza kwamba mwandishi alitungojesha kisu makusudi. Tulipozoea kutopata kitu, kifo kikatukuta hatuna habari, kama kilivyomkuta yule mama. Mugisho akasema ndivyo alivyopokea habari za kaka yake wa Bukavu. Alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Akamaliza kuipiga.

Nikatazama viatu vyangu.

Uongozi amepewa Mugisho. Nilipiga makofi kuliko wote, nisije nikaonekana nimeumia.

Jumapili, 23 Machi
Mugisho amegawa riwaya mpya. Nimejipanga. Nimeandika vikaratasi viwili. "Atakufa", mfuko wa kulia. "Hatakufa", mfuko wa kushoto. Jumamosi nitachomoa kinachofaa. Safari hii hawanipati!

Kitabu chenyewe sijakifungua.