Enigma Mbele ya Baba Mkwe

Jumanne, 3 Juni 2025
Nimelipata! Neno la Kiingereza: enigma. Maana yake fumbo. Kamusi ya jirani inasema Waingereza walilitoa kwa Wagiriki, na Wagiriki kwenye neno lao la hadithi: ukisimulia kwa kuficha, hiyo ndiyo enigma. Jumamosi tunapeleka posa Titye kwa Mzee Ntirampeba, baba yake Esperance. Mzee anapenda Kiingereza kuliko ugali. Nikimkosa Esperance, nimekwisha.

Alhamisi, 5 Juni
Baba mdogo Bazilio amemteua binamu Evaristi kuwa msemaji wetu. Evaristi! Mwenyekiti wa kwaya, mdomo kama redio. Nikaomba niseme mwenyewe. Baba mdogo akasema mwoaji hukaa kimya, na posa husemwa kwa mafumbo. Mafumbo? Enigma ni nini basi! Nitamtuma Evaristi mpaka kijiji cha Muyama akalete mtungi wa pombe ya ndizi. Atachelewa.

Jumamosi, 7 Juni
Aibu. Evaristi hayupo, nikasimama. Nikamwambia mzee binti yake ni enigma. Shangazi Esteri akanivuta shati. Nikaendelea, asili ya neno mpaka Ugiriki. Mzee akasikiliza yote, kisha akasema kwa upole:

"Vizuri, mwanangu. Sasa itege hiyo enigma, sisi tuitegue."

Sikuwa nayo. Kichwa debe tupu. Mzee akasema mtu anayekuja bila fumbo na bila pombe amekuja kusalimia tu. Akachukua kofia yake. Esperance akachungulia mlangoni, macho yamelowa. Nilitamani kulia.

Ndipo Evaristi akaingia na mtungi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata hakuketi, akatoa wito wa Kiha wa kutega fumbo:

"Sokwe!"

Wazee wote wakaitikia, "Niruze!"

"Kwetu mafiga yapo. Moto uko kwenu."

Mzee akacheka, akaweka kofia chini, akamwita Esperance. Moto ndiye huyo. Tumekubaliwa! Asante Mungu. Mimi nimetozwa mbuzi kwa kufungua mdomo. Nimemkumbatia Evaristi mbele za watu, sijui nilipatwa na nini.

Jumapili, 8 Juni
Nimelala kama mtoto mchanga. Kanisani nimeimba kwa nguvu. Evaristi anatamba Kasulu nzima kwamba ameniokoa. Aseme tu, roho yangu imetulia.

Harusi ni Agosti, na hotuba kapewa yeye. Nimefungua tena kamusi. Kuna neno arcane: siri ya wachache, kutoka neno la Kilatini la sanduku. Tamu sana! Asubuhi ya harusi nitamtuma Evaristi mpaka Kibondo akalete keki.