Mkasi Usioonekana

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mchungaji hatatangaza ndoa yangu na Mueni bila karatasi za vipimo vya magonjwa ya zinaa. Sina wasiwasi. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kulala na mwanamke. (Hilo likae humu humu.) Mueni sijamshika hata mkono nje ya mazoezi ya kwaya.

Kliniki wanajaribu kipimo kipya. Nesi Kavindu alieleza kwamba mkojo unatiwa kwenye kichupa chenye mkasi mdogo usioonekana. Mkasi unatafuta jeni za kijidudu cha kisonono, ukizipata unazikata, kijiti kinachochovywa humo kinatoa mstari.

Mkasi! Kukata jeni! Mimi si mshirikina. Lakini huku Ukambani mtu mwenye akili haachi hata nywele zake kwa kinyozi. Leo wakate mkojo wangu, kesho mama aulize wajukuu wako wapi? Nilisema mkojo umekataa kutoka. Nikapewa kichupa niende nacho nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Saa tatu nzima nyuma ya mbuzi! Yule mweusi wa ntheo, ambaye Jumamosi anapelekwa kwa akina Mueni kufungua mahari. Nikapata nusu kichupa na teke moja.

Kavindu alikitazama kijiti muda mrefu. Kumbe kuna mstari mwingine wa kuthibitisha kwamba mkojo ni wa binadamu. Wangu haukuutoa. Alisema polepole, "Kisilu, hii si ya mtu." Nikasingizia dawa ya minyoo. Akanipa kichupa kingine bila kuniangalia usoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nahitaji binadamu. Safi kuliko wote ni Mwanzia, mwalimu wa kwaya. Simpendi. Hunisahihisha sauti mbele ya watu, na Mueni humsifu kupita kiasi. Lakini huombea hata chai ya rangi. Nilimwambia kuna kipimo cha sukari cha bure. Alijaza kichupa pomoni, akaniombea na mimi.

Saa nne asubuhi: kisonono! Mistari yote miwili, minene.

Ningesema si wangu? Baada ya mbuzi, nani ataniamini? Nimedungwa sindano ya ugonjwa wa mtu mwingine. Kukaa siwezi. Kavindu anataka mchumba aletwe. Nimekwisha.

Jumatatu, 10 Machi

Mueni alikuja. Akapimwa.

Naye anao.

Kavindu alisema tusilaumiane, wachumba huambukizana. Mueni alinitazama. Nikamtazama. Sote tulijua hatujawahi. Alipodungwa alichukua mkoba wake akaondoka. Nililia njia nzima mpaka stendi, mchana kweupe, mama wa ndizi akanipa kitambaa. Mbuzi alishapelekwa. Kanzu za kwaya zimeshonwa. Nimlilie nani?

Alhamisi, 13 Machi

Siku tatu sijala. Mwanzia alipita kuulizia sukari yake. Nikamwambia iko sawa kabisa. Akauliza kama Mueni yuko salama, maana hashiki simu. Moyo uliniuma, nikatoka nje, nikamwangalia mbuzi wetu mwingine aliyebaki zizini.

Hapo ndipo nikaelewa. Mbuzi! Mkojo wa mbuzi uliingia kwenye mkasi Jumatano, ukauharibu. Tangu siku hiyo mkasi umechanganyikiwa, kila mtu anaambiwa ana kisonono. Mueni wangu hana kosa. Mwanzia hana kosa. Mkosaji ni mimi!

Nimemtumia Mueni ujumbe wa kuomba msamaha. Amejibu kwamba harusi iendelee. Kesho naenda kliniki nyingine. Mkojo nitaomba kwa Mbithi, mzee wa kanisa.

Mwanzia amekubali kunisimamia siku ya harusi. Amejitolea pia kumsindikiza Mueni Nairobi Jumamosi kuchukua gauni. Watarudi Jumapili. Nimemshukuru sana. Halafu nimelia tena, sijui kwa nini.