Stuli Niliyoitengeneza Mimi

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu amelazwa. Mguu umevunjika, umefungwa plasta hadi gotini. Alipanda stuli ya jikoni abadilishe taa, stuli ikaachia. Niliitengeneza mimi Jumamosi, kwa gundi ya karatasi. Seremala alitaka kuipiga misumari, nikamwambia misumari ni mambo ya kizamani.

Mama mkwe hajui. Akijua, nimekwisha! Ameshatishia kumchukua binti yake akamuuguze kwake, tena bila tarehe ya kurudi. Lazima nimwahi mke wangu, nimwombe radhi, naye afunge mdomo. Tatizo ni kwamba getini wanatoa kadi moja tu ya mgeni kwa kila mgonjwa. Leo kaichukua mama mkwe. Kakaa nayo hadi kengele ya kufunga muda wa kuona wagonjwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimefika getini saa mbili kabla ya muda. Wa kwanza! Nikajinyoosha kidogo kwenye benchi. Kuzinduka, mama mkwe ndio anatoka. Akaniuliza nimekuja kuona mgonjwa au kumalizia usingizi. Nikasema nilikuwa naomba dua. Mlinzi, yule wanayemwita Kufuli, akasema dua yangu ilikuwa inakoroma. Hana adabu yule.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimewaweza! Nimesikia kwenye kitanda kinachotazamana na cha mke wangu yupo bibi asiye na mgeni hata mmoja. Kadi yake inakaa bure. Nikamwambia Kufuli mimi ni mjukuu. Nikaingia kifua mbele.

Balaa. Bibi kanidaka mkono kabla sijapiga hatua ya pili. Kafurahi hadi machozi, eti mjukuu kamkumbuka. Nimemkata kucha, za mikono na za miguu. Nimemkanda mgongo. Nimegombezwa kwa kukonda. Hatua nne tu kutoka pale, mama mkwe ananikodolea macho, kisha akamuuliza binti yake ameolewa na mtu wa namna gani. Mke wangu kacheka mpaka mguu ukamuuma. Kengele.

Alhamisi, 6 Juni

Kwa bibi tena. Kumbe nimeshaandikwa kwenye faili lake kuwa mimi ndiye ndugu wa karibu. Muuguzi kanipa furushi la nguo nikafue. Nimevumilia, maana nina mpango. Bibi akienda msalani hupita kwa mke wangu. Nitamnong'oneza ujumbe aufikishe: asiseme nani alitengeneza stuli, na anisamehe. Rahisi!

Bibi hasikii vizuri. Nikarudia. Akataka nipandishe sauti. Nikapandisha. Akataka tena kidogo. Hatimaye akasikia, akaona ni vyema ahakikishe, kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto: yaani stuli iliyomwangusha yule binti niliibandika mimi kwa gundi ya karatasi?

Wodi nzima ikanigeukia. Mama mkwe akasimama, taratibu. Nilitaka kuingia uvunguni, lakini bibi alikuwa bado amenishika mkono.

Ijumaa, 7 Juni

Siamini. Mama mkwe mwenyewe kanikabidhi kadi getini! Kasema anajua tangu Jumatatu, binti yake alimwambia siku ile ile. Alikuwa anasubiri tu nikiri kwa kinywa changu.

Nimekaa na mke wangu saa nzima. Nilikuwa nimemkumbuka sana, jamani, nikalia. Akanifuta kwa ncha ya shuka. Kasema atarudi kwetu, haendi kwa mama yake, kwa sharti moja: nisitengeneze kitu chochote tena maishani. Nimeapa, bibi akiwa shahidi. Alitaka nirudie kwa sauti.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu yuko nyumbani! Mama mkwe kaja kumuuguza wiki mbili, na mimi nimeamua kumheshimu ipasavyo. Nimemchagulia kiti kizuri kuliko vyote. Kinayumba mguu mmoja wa nyuma, kidogo tu. Kubandika si kutengeneza. Chupani imebaki gundi nusu. Imeandikwa iachwe siku nzima ikauke. Mama mkwe yuko bafuni, anatoka baada ya dakika kumi.

Zinatosha.